Kupanga likizo fupi ya treni Ulaya kwa pasipoti ya kwetu

Miongoni mwa karatasi zote anazodai ofisa wa viza ya Schengen, ipo moja inayomkera kila mwombaji: uthibitisho wa malazi. Siyo usiku wa kwanza tu. Anataka kujua utalala wapi kila usiku, tangu unapotua hadi unapopanda ndege ya kurudi nyumbani. Wengi hulichukulia jambo hili kama usumbufu wa kibalozi, wakalimaliza usiku wa manane kwa kubofya hoteli yoyote inayotokea. Kwa maoni yangu hapo ndipo likizo ya treni inapopangwa, kwa sababu likizo fupi huhesabiwa kwa idadi ya usiku. Idadi ya miji ni ya kupigia picha.

Rafiki yangu mmoja alinionyesha orodha yake ya mwezi Julai: Paris, Amsterdam, Berlin, Prague, Vienna, Roma. "Kaka, siku kumi si zinatosha?" Tukakaa na kalamu. Paris hadi Amsterdam kwa treni ya kasi ni saa tatu na dakika ishirini hivi. Amsterdam hadi Berlin ni kama saa sita. Berlin hadi Prague ni saa nne na zaidi, Prague hadi Vienna nne nyingine, na Vienna hadi Roma ni usiku kucha. Jumla inapita saa thelathini ndani ya behewa, na hapo hatujahesabu kufunga masanduku, kukabidhi chumba kabla ya saa tano asubuhi, kutafuta hoteli mpya na kukaa kwenye ngazi zake kwa sababu chumba kitakuwa tayari saa tisa alasiri. Kila kuhama mji kunakula nusu siku, hata kama treni yenyewe inakimbia kilomita 300 kwa saa. Katika siku zake kumi, rafiki yangu alikuwa amebakiwa na kama tano za kutembea. Alikasirika, akakunja karatasi.

Kwa hiyo ninachopendekeza hapa ni kidogo kwa makusudi: usiku saba, sehemu tatu za kulala, nchi mbili. Zürich usiku mbili, Varenna kwenye Ziwa Como usiku mbili, Venice usiku tatu. Katikati yake kuna siku moja nzima ya reli ambayo ndiyo sababu ya safari yote, nami nitaizungumzia kwa kirefu. Kwanza tumalizane na ubalozi.

Ubalozi upi, na lini

Sheria ya Schengen inasema unaomba viza kwa nchi unayokwenda kukaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaomba kwa nchi ya kwanza kuingia. Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini imo ndani ya Schengen tangu 2008, hivyo viza moja inakutosha kwa nchi zote mbili. Kwenye mpango wangu Uswisi ina usiku mbili na Italia ina tano. Utatua Zürich, ila ombi lako ni la Italia. Wapo wanaopeleka fomu ubalozi wa nchi wanayotua, kisha wanashangaa kurudishwa dirishani.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Kwa kawaida uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, ila wana ruhusa ya kufika 45. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, mtoto wa miaka sita hadi 11 ni nusu yake, na walio chini ya hapo hawalipi. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, iwe na kurasa mbili wazi, na ibakiwe na miezi mitatu baada ya siku utakayotoka. Ukisafiri Julai, dirisha linafunguka Januari. Januari ndiyo hiyo ya ada za shule, najua, lakini kupata tarehe ya miadi mwezi Mei kwa ajili ya safari ya Julai ni kuomba dua tu.

Sasa hapa ndipo ushauri wote wa reli za Ulaya unapogongana na maisha yetu. Mzungu anayepanga safari kama hii huambiwa jambo moja: nunua mapema. Treni za kasi za Ufaransa, Ujerumani na Italia huuzwa kama ndege. Bei inaanzia chini miezi kadhaa kabla, inapanda kadiri viti vinavyojaa, na ile ya chini kabisa hairudishwi wala haibadilishwi. Ukikosa treni hiyo, karatasi yako ni ya kufungia karanga. Kwake yeye hiyo ni hasara ndogo ya kujitakia. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anayenunua tiketi hizo kabla ya viza anacheza kamari na fedha ya watoto. Akisubiri viza, bei zimeshapanda.

Wengine huutatua mkwamo huu kwa kununua tu na kumwachia Mungu. Siwalaumu, ila ipo njia iliyotulia zaidi: panga safari ipite kwenye reli ambazo nauli yake haipandi. Zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani. Treni za mikoa za Italia zina nauli moja ile ile, ununue miezi miwili kabla au dakika tano kabla. Uswisi nauli ya kawaida haibadiliki kwa sababu umechelewa, na tiketi hiyo haikufungi kwenye treni moja. Unapanda yoyote ya siku hiyo kwenye njia hiyo. Ipo pia tiketi ya punguzo inayokufunga kwenye saa maalumu, nzuri ukiipata baada ya viza kutoka. Hoteli nazo, chagua zinazokubali kufutwa bila malipo hadi siku chache kabla. Ubalozi unaridhika, nawe hujamwaga fedha.

Familia ifikirie pasi ya reli. Wanaoishi nje ya Ulaya hununua Eurail, iliyoanza 1959. Wanaoishi Ulaya hununua Interrail, iliyoanza 1972. Shangazi wa Dar na mpwa wake wa Oslo watashika pasi zenye majina tofauti na kukaa behewa moja. Mtoto wa miaka minne hadi 11 anayeandamana na mtu mzima hupewa pasi bure, na hilo peke yake linaweza kugeuza hesabu. Pasi ambayo haijaanza kutumika, isipokuwa ile iliyonunuliwa kwa ofa, hurudishwa kwa kukatwa sehemu ya fedha, kwa hiyo haina ukatili wa tiketi ya bei ya chini. Kwa mtu mmoja anayefanya safari chache tu za treni kama hizi zetu, piga hesabu kabla hujashawishika. Mara nyingi tiketi za kawaida hazizidi bei ya pasi.

Kwa nini si Ujerumani

Nitaulizwa, kwa hiyo nijibu. Sifa ya Wajerumani ya kushika saa bado inasimuliwa vijiweni kwetu, lakini reli yao imeiacha. Mwaka 2024, treni za masafa marefu za Ujerumani zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5, na wao hawahesabu kuchelewa mpaka zipite karibu dakika sita. Mwaka huo huo, reli ya taifa ya Uswisi ilifikisha zaidi ya asilimia 93 kwa kipimo kikali cha dakika tatu. Mtu mwenye likizo ya mwezi mzima anaweza kucheka na ucheleweshaji wa Ujerumani. Mwenye usiku saba na treni za kuunganisha hana muda wa kucheka.

Zürich yenyewe sitaipamba. Ni mji msafi wa gharama kubwa wenye ziwa zuri, na ndio unaofaa kulala unapotoka kwenye ndege iliyopitia Addis Ababa, Doha au Istanbul. Fedha ni faranga ya Uswisi, siyo yuro. Maji usinunue: mji una chemchemi za hadhara zaidi ya 1,200 zenye maji ya kunywa, jaza chupa yako. Jumapili maduka yanafungwa, ila yale ya ndani ya stesheni kuu hubaki wazi, na hapo ndipo utakapopata mkate na matunda ya safari. Wanaoswali wajiandae na jua la huko. Mwishoni mwa Juni linazama Zürich yapata saa tatu na dakika ishirini usiku, hivyo Magharibi inaingia wakati ambao Zanzibar watu wameshamaliza Isha na kula, na Isha yenyewe inasogea mpaka karibu na usiku wa manane. Ukipanga kuamka alfajiri kuwahi treni, usingizi wako utakuwa mfupi.

Neno moja kuhusu saa. Ratiba zote ni za saa 24, nasi tunahesabu kutoka machweo na macheo. Ukiona 14:24, toa sita, ni saa nane na dakika 24 mchana. Majira ya joto Ulaya ya kati iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo anayesahau kubadili saa ya mkononi adhabu yake ni kuwahi.

Siku ya reli nyekundu

Abiria aliyezoea Madaraka Express, ambako mizigo hupangwa mstari mmoja ikanuswa na mbwa, au SGR ya Dar es Salaam na milango yake ya ukaguzi, atashangaa Zürich. Unatoka barabarani, unaingia stesheni, unakwenda jukwaani, unapanda. Hakuna anayepima sanduku wala anayelipokea. Wewe ndiye kuli wako. Treni inasimama dakika mbili tatu, vidato vya kupandia ni vyembamba, na sanduku lile kubwa la kwendea harusini litakudhalilisha mbele ya watu. Begi moja unaloweza kulinyanyua kichwani bila msaada ndilo saizi yake.

Kutoka Zürich hadi Chur ni saa moja na robo kandokando ya maziwa. Chur ndipo unapohamia treni nyekundu za reli ya Rhaetian, na hapa naomba msomaji wa Voi, Tabora au Tororo asimame nami kidogo jukwaani aziangalie reli zenyewe. Upana wake ni mita moja. Ni upana ule ule wa reli iliyoanza kutandikwa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, na wa reli ya kati ya zamani ya Tanganyika. Sababu ni ya kihandisi na ya kifedha: reli nyembamba hukata kona kali zaidi, inahitaji handaki dogo zaidi, na mlimani hilo ni tofauti kati ya kujenga na kutojenga. Wakenya wana haki ya kutembea kifua mbele hapa. Sehemu ya juu kabisa ya njia hii, Ospizio Bernina, iko mita 2,253. Reli ya zamani ya Nakuru kwenda Eldoret ilipanda zaidi ya mita 2,700 pale Timboroa. Tofauti ni kwamba Waswisi bado wanaipanda yao kila saa, abiria wamejaa.

Ipo treni maarufu ya watalii kwenye njia hii, Bernina Express, yenye madirisha yaliyopinda hadi darini. Lazima ulipie nafasi ya kiti juu ya nauli, na katika majira ya joto hujaa mapema. Iache. Treni za kawaida hupita juu ya reli zile zile, mbele ya milima ile ile, kwa nauli ya kawaida, bila kuweka nafasi. Unabadilisha St. Moritz au Pontresina kutegemea saa, basi. Na zina jambo ambalo ile ya fahari haina: mabehewa mengi yana madirisha yanayoshuka. Kioo cha watalii kinapiga picha ya uso wako ukijitazama. Dirisha lililoshushwa linakupa hewa ya misonobari na mlio wa magurudumu kwenye kona. Julai na Agosti huwa wanafunga pia mabehewa ya manjano yasiyo na paa. Beba koti. Hata Julai, kule juu kuna theluji pembezoni.

Kaa upande wa kulia ukitoka Chur. Baada ya Thusis treni inaanza kupanda kwa bidii, na kutoka hapo hadi Tirano utapita madaraja 196 na mahandaki 55, kazi ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. La kusubiri ni daraja la Landwasser, lililokamilika 1902. Linakuja ghafla: treni inatoka kwenye miti, inapinda kulia kiasi kwamba unaliona behewa la mbele likitembea hewani mita 65 juu ya mto, kisha ukuta wa mwamba ulionyooka kama umekatwa kwa kisu, na katikati ya ukuta huo kuna tundu. Kichwa cha treni kinaingia tunduni wakati wewe bado uko juu ya daraja. Halafu giza.

Baada ya Bergün, reli ina shida ya hesabu. Preda, stesheni inayofuata, iko mita 416 juu zaidi, na bonde ni fupi mno kwa treni kupanda moja kwa moja. Wahandisi wakaizungusha reli ndani ya mlima na nje yake, madaraja yakapita juu ya bonde huku na huku, hadi abiria anaona kanisa lile lile la kijiji mara kulia, mara kushoto, kila mara likiwa dogo zaidi huko chini. Watoto hupiga kelele. Watu wazima nao hupiga kelele, ila za chini.

Upande wa pili, njia ya Bernina iliyofunguliwa yote mwaka 1910 haina meno ya kushikilia reli. Inapanda na kushuka mwinuko wa mita saba kwa kila mita mia kwa msuguano wa chuma juu ya chuma tu. Pale juu kuna maziwa mawili yaliyo karibu kiasi kwamba ungeyadhani moja. Lej Nair, ziwa jeusi, maji yake yanakwenda kaskazini, yanaingia mto Inn, kisha Danube, hadi Bahari Nyeusi. Lago Bianco, ziwa jeupe kwa unga wa mawe kutoka kwenye barafu, linamwaga kusini: mto Poschiavino, kisha Adda, kisha Ziwa Como, kisha mto Po, hadi Adriatiki. Kutoka hapo, mpango wetu unaambatana na maji. Varenna iko kwenye ziwa analoingia Adda, na Venice iko kwenye bahari anayoingia Po.

Kituo cha Alp Grüm, kwenye mita 2,091, kinafaa kushuka kwa saa moja kama tiketi yako inaruhusu. Treni inayofuata itakuja. Toka hapo ni kuteremka kwa kona za kizunguzungu hadi Poschiavo, kisha Brusio, ambako reli inapungukiwa na nafasi tena na kuzunguka duara zima juu ya daraja la mawe lililo wazi uwanjani, ikapita chini ya matao yake yenyewe. Tirano, mwisho wa njia, ni mita 430 tu. Treni inaingia mjini katikati ya magari, karibu kabisa na basilika, dereva akipiga honi.

Tirano kuna stesheni mbili jirani, moja ya Uswisi na moja ya Italia, hatua chache kati yake. Umeshuka milima zaidi ya mita 1,800 kwa muda wa kipande cha alasiri, umeacha makoti, joto limerudi, na kahawa imeshuka bei ghafla. Pasipoti iwe mfukoni, siyo chini ya sanduku: hakuna kibanda cha kugonga mhuri, lakini askari huweza kupita ndani ya treni na kukuomba.

Treni ya Italia kuelekea Milan inakufikisha Varenna kwa saa moja na nusu hivi, na nauli hata ya kwenda hadi Milan kwenyewe haifiki yuro 20. Tiketi ya karatasi igonge kwenye mashine ndogo stesheni kabla hujapanda, vinginevyo mkaguzi atakuhesabu kama huna. Reli hii ina kasoro moja ya kuijua: katika miaka ya maandalizi ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 2026 ilikuwa ikifungwa kiangazi kwa ukarabati, abiria wakapandishwa mabasi. Kiangazi ndio msimu wa mafundi wa reli kote Ulaya, kwa hiyo angalia ratiba ya tarehe yako halisi, siyo ya Jumatatu yoyote. Ukiwa na wazee au watoto wadogo, ikate siku hii vipande viwili na ulale Tirano, ambako vyumba ni nafuu kuliko ziwani. Toa usiku huo kwenye Venice.

Ipo treni ya moja kwa moja kutoka Zürich hadi Milan inayotumia kama saa tatu na robo. Inapita handaki la Gotthard la kilomita 57, refu kuliko mahandaki yote ya reli duniani, lililofunguliwa 2016. Ni maajabu ya uhandisi, na unachokiona humo ni kivuli chako kwenye kioo kwa dakika ishirini.

Milan na lango la maji

Varenna ni mahali pa kutofanya kitu. Kivuko kinakuvusha hadi Bellagio kwa robo saa, maji ni baridi, jioni ni ndefu. Wikiendi watu wa Milan hujaa, panga uwe hapo katikati ya wiki.

Siku ya kwenda Venice unabadilisha Milano Centrale, stesheni ya mwaka 1931 yenye ukubwa wa kutisha, iliyojengwa ili raia ajione mdogo. Ubao wa treni hauonyeshi namba ya jukwaa hadi dakika chache kabla ya kuondoka, ndipo umati wote unapogeuka kwa pamoja. Usihangaike, simama karibu na milango ya kukagulia tiketi, nayo haikuruhusu kupita bila tiketi. Acha nusu saa kati ya treni na treni. Kama umenunua tiketi mbili tofauti na ya kwanza ikachelewa, ya pili hailindwi. Zikiwa kwenye tiketi moja ya safari nzima, reli inabeba jukumu la kukufikisha. Sheria ya Umoja wa Ulaya inakupa pia fidia ya asilimia 25 ya nauli kwa kuchelewa saa moja hadi mbili, na asilimia 50 kuanzia saa mbili.

Milan hadi Venice ndiyo sehemu pekee ya mpango huu ambako bei inapanda na kushuka. Kwa bahati nzuri kampuni mbili, Trenitalia na Italo, zinagombania abiria hapo, na hata wiki chache kabla hupatikana nafuu. Treni ya kasi ni kama saa mbili na nusu. Ikiwa ghali, treni za mikoa kupitia Verona hukufikisha kwa karibu saa nne kwa nauli isiyopanda.

Shuka stesheni ya Santa Lucia, siyo Mestre iliyo upande wa bara, hata kama hoteli yako iko Mestre. Treni inavuka wangwa kwa daraja la 1846, unatoka nje ya mlango wa stesheni, na Mfereji Mkuu uko pale pale chini ya ngazi. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe ataujua mji huu kwa miguu kabla ya kuujua kwa ramani: vichochoro vyembamba, hakuna magari, harufu ya chumvi, na kuta zinazoliwa na unyevu. Nenda Murano, kisiwa ambako tanuri za kioo zilihamishiwa 1291 kwa hofu ya moto. Shanga za Venice ndizo zilizobebwa mabegani na misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyopendwa njiani alirudi nazo zote. Leo muuza duka wa Murano atakuuzia moja kwa bei ya chakula cha mchana.

Wageni wa kutwa hutozwa ada ya kuingia Venice katika siku zilizotangazwa, utaratibu ulioanza Aprili 2024 kwa yuro tano. Anayelala ndani ya manispaa, Mestre ikiwemo, haitoi, kwa kuwa hoteli inamtoza kodi ya wageni, lakini huenda akahitaji kuandikisha msamaha wake kwa simu. Fanya hivyo kabla hujatoka chumbani.

Migomo ya reli Italia hutangazwa mapema, hivyo tazama tarehe zako wiki moja kabla. Siku za kazi, treni za mikoa zilizo kwenye orodha ya uhakika huendelea kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, na kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku. Kwa sababu ya migomo hiyo, tiketi ya ndege itafute ya kuingilia Zürich na kutokea Venice. Ukilazimika kuondokea Milan, usilale Venice usiku wa mwisho. Rudi Milan mchana, ulale huko, hata kama chumba kitakugharimu zaidi.